Simu Kumi na Moja kwenye Betri Moja

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Karakana hakunipa funguo za gari. Alinipa kitambaa na brashi ya waya, akaniambia nisafishe vichwa vya betri. Nilinuna. Dereva mwenye leseni, nimetoka nyumbani Rusimbi na shati lililopigwa pasi, halafu napewa kazi ya kusugua! Nikasugua hadi saa sita mchana, ndipo akaja na kisanduku cha bati chenye feni ndogo.

"Hii ni inveta," akasema. "Inachukua umeme wa betri ya gari, inaufanya kama wa nyumbani. Inaweza kuua mtu, inaweza kuunguza gari. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mzee."

"Hujanielewa. Kaa chini."

Nyinyi vijana mnaochomeka kila kitu kwenye tundu la kiberiti cha sigara mngefaidika naye. Tundu lile ni la vitu vidogo. Inveta kubwa hufungwa moja kwa moja kwenye betri kwa nyaya nene, fupi, na fyuzi ikae karibu na betri, ili waya ukigusa bodi ikatike fyuzi, lisiwake gari. Usiifunike kwa koti, inataka hewa. Usiishike kwa mikono iliyolowa. Usiwashe injini ndani ya gereji iliyofungwa ati unachaji. Moshi ule unaua kimyakimya. La mwisho alilirudia mpaka likanichosha: "Injini ikizimwa, na inveta izimwe. Umeme huo haushuki kutoka mbinguni, ni wa starta, ndiyo inayowasha gari."

Nikapangiwa gari la chanjo. Inveta iliendesha friji dogo la dawa tukiwa njiani. Tukifika, dawa zinahamia kwenye boksi la barafu. Bosi wangu wa safari alikuwa Sista Mkuu, mama wa maneno machache. Tulizunguka vijiji vya wavuvi kusini mwa Ujiji. Yeye alizungukwa na akina mama na watoto wao, mimi nikabaki garini peke yangu kutwa nzima. Nyumbani nako mke wangu alikuwa ameshafariki, na mtoto hatukujaliwa. Upweke, jamani, usiombe ukukute.

Asubuhi moja mvuvi akaniomba kuchaji simu. Nikamkubalia. Akaja wa pili, wa tatu. Umeme haukuwa umefika kule, na mgeni mwenye gari kumnyima mtu chaji ilikuwa aibu kubwa. Kila mtu alikaa karibu na simu yake, na akikaa anaongea. "Mwakeye, dereva!" wananisalimu kwa Kiha, wananiletea dagaa wa kukaanga, wananitania kwamba watanitafutia mke. Sista hakutaka dizeli iteketee bure, kwa hiyo nilizima injini. Inveta niliiacha.

Siku ninayoisema zilikuwa simu kumi na moja. Inveta ikaanza kulia pii, pii, ndiyo ishara kwamba betri inaishiwa. Niliisikia vizuri sana. Lakini mvuvi mmoja alikuwa katikati ya kisa cha mkwewe, tumeshika mbavu kwa kucheka, na nilijua nikizima wataondoka.

Mara Sista akaja mbio. "Washa gari! Kuna mzazi anatokwa na damu!"

Alikuwa Zuhura, binti wa pale kijijini, mimba yake ya kwanza. Wakamleta juu ya kitanda. Nikazungusha ufunguo: tak, tak, basi. Wanaume wakasukuma, magurudumu yakazama mchangani. Wakakimbilia boti, boti haina petroli, ikatafutwa, wakaondoka naye muda umeshakwenda. Ziwa lilikuwa limetulia kabisa, na mimi nimesimama na ufunguo mkononi. Zuhura alipona. Mtoto wake hakupona.

Kule karakana, Mkuu alipima betri, akanitazama. "Ulizima inveta?"

"Nilizima, mzee."

Hakunigombeza. Alinipa kitambaa na brashi ya waya, akaenda zake.

Sasa nimestaafu. Umeme uko ukutani, simu yangu imejaa chaji na haiiti. Madereva wa hapa mtaani Mwanga wakinijia kuuliza habari za inveta, nawaeleza yote kuhusu nyaya na fyuzi. Hili la simu sijawahi kumwambia mtu kabla ya leo.

Safari iliyofuata baada ya siku ile, Zuhura alikuja na simu yake. "Shikamoo, baba. Leo unachaji?"

"Marahaba, mwanangu. Mashine imeharibika."

Ilikuwa nzima. Wengine waliposikia hivyo wakaondoka. Yeye akakaa mchangani karibu na mlango wangu, simu imezimika mkononi, tukaongea mpaka Sista alipofunga maboksi. Katika miaka yote ile ni yeye peke yake aliyekaa nami bila chaji, nami sikuweza kumtazama usoni.

Aliponyanyuka akaniuliza, "Baba, siku ile gari lilikuwa na nini?"

"Betri, mwanangu. Ilikuwa imechakaa."

"Pole, baba," akasema. Yeye ndiye aliyenipa pole.

Betri ilikuwa mpya. Niliifunga kwa mikono yangu.