Mbegu za Uholanzi Ukingoni mwa Ruvu

Wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuja kukaa nasi Ruvu baada ya kupewa talaka huko Kisarawe. Alimaliza eda yake ndani, akisuka ukili, hasemi. Siku aliyotoka alichukua jembe akanifuata shambani bila kuambiwa. Nilikuwa sijapata mtoto bado, na nilifurahi kupata mwenzangu.

Bwana shamba, aliyekuwa akija kwa baiskeli kutoka Kibaha, alitukuta tunapalilia. Alituletea mbegu za nyanya pakiti mbili, moja ya Uitaliani, moja ya Uholanzi. Wakubwa zake walitaka kujua zipi zitazaa zaidi kwenye udongo wetu. Kila mmoja wetu apande zake, ahesabu matenga, misimu miwili.

"Hiyo Uholanzi ikoje?" wifi aliuliza.

"Nasikia ni maji matupu. Bahari iko juu, watu wanakaa chini yake."

"Basi nipe hiyo."

Mimi nikabaki na Uitaliani. Kwa kuwa hatukujua kusoma, kila tenga lililojaa tulilifungia fundo kwenye kamba.

Asubuhi zile ukungu ulipanda kutoka mtoni ukatufunika hadi kiunoni, nikimwona wifi kama anaelea. Tulizungumza habari za nchi hizo mbili kana kwamba tulizaliwa huko. Yeye alisema Uholanzi wanawake wanalima wamevua viatu, maji yakipita juu ya vichwa vyao kama mawingu. Nilimwamini.

Kisha mto ukapanda, ukaingia upande wake wa bondeni. Nyanya zake zikaoza mizizi. Kamba yangu ilijaa mafundo, yake ilikuwa na mawili. Hakulalamika. Miche michache ilikuwa imesimama kwenye tope, na alikaa karibu nayo kutwa nzima, akiitazama. Nyanya za miche hiyo zilipoiva alikamua mbegu zake, akazichanganya na majivu, akazianika. Mimi nilichukua mbegu kwenye nyanya yoyote iliyokuwa karibu.

Msimu wa pili mto ulipanda tena. Safari hii miche yake ilikaa. Ikazaa hadi matawi yakalala chini.

Bwana shamba alirudi, akalinganisha kamba zetu. Yangu bado ilizidi mafundo machache.

"Uitaliani imeshinda," akasema, akaandika.

"Andika na hili," wifi akamwambia. "Za mwenzangu zimebaki palepale. Zangu zimetoka matenga mawili zikafika hapa."

"Mimi nimeulizwa zipi zimezaa nyingi, mama. Sikuulizwa zipi zimeongezeka."

Wifi akanyamaza. Ule unyamavu niliujua, ni ule wa siku za eda, na sikutaka urudi.

"Andika, bwana shamba," nikasema. "Anavyosema ndivyo ilivyo. Mimi nilikuwepo."

Alitutazama, kisha akaandika pembeni ya karatasi, kwa herufi ndogo. Kama kuna mtu aliyeisoma hatukuambiwa.

Jioni ile nilimweleza mume wangu yote. Kesho yake alikwenda na panga, akampimia dada yake bonde lile la chini, liwe lake. Wifi alishukuru kwa sauti ya kawaida, akaanza kulima saa ileile. Alikaa huko miaka mingi, hakuolewa tena, na mto ulipopanda watu walikwenda kwake kuomba mbegu.