Chumba Kitupu cha Mama Waya

Wanafunzi ndio waliompa jina la Mama Waya, na kwa kweli hawakukosea. Hakuna siku aliyoonekana koridoni bila waya kuning'inia shingoni, na akikusalimu huku amebana bisibisi mdomoni unaitikia kwa kukisia tu. Kazi yake ilikuwa kutunza kompyuta za shule. Kwenye karatasi za ajira aliandikwa fundi msaidizi, ingawa huyo fundi wa kusaidiwa hakuwahi kuajiriwa. Jambo hilo humuudhi kila akilikumbuka, kisha hupata kompyuta iliyozimika na kulisahau.

Shule ile ilikuwa na darasa la wasioona. Kompyuta zao zilikuwa za zamani, zile nzito ambazo feni zake hunguruma kana kwamba zinapanda mlima, na ndani yake mlikuwa na programu inayosoma kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye skrini. Mwanafunzi huvaa hedifoni, hugusa kibodi, husomewa. Ilikuwa programu nzuri, ila ilikuwa na ugonjwa mmoja: ilimeza nukta. Ikikuta mbili nukta tano, hutamka ishirini na tano, tena kwa sauti kavu isiyo na haya. Kwenye hadithi hakuna neno. Kwenye mtihani wa hesabu, hiyo ni balaa.

Na mtihani ulikuwa unakuja. Aliyekuwa akiungoja kuliko wote ni binti mmoja wa mwaka wa mwisho ambaye darasa zima lilimwita Bi Swali, kwa sababu mwalimu akimjibu moja, yeye ana mawili mengine mkononi. Mwaka uliopita alikuwa ameufanya mtihani ule ule kwa utaratibu wa siku zote: analetwa mtu, anaketi pembeni, anamsomea karatasi. Msomaji aliyepangiwa alikuwa na mafua na haraka zake. Akiombwa kurudia swali hushusha pumzi na kusema, "Si nimeshasoma, binti?" Ilifika mahali yule msichana, ambaye maishani mwake hakuwahi kuona haya kuuliza, akaona haya kuomba. Akaanza kukisia. Hesabu ikamwangusha, na sasa alikuwa anarudia mwaka.

Safari hii baraza la mitihani lilikubali wanafunzi wasome karatasi wenyewe kwa kompyuta, kwa sharti moja. Afisa wao angekuja Jumatano, asikilize mashine ikisoma karatasi ya majaribio, na ikikosea, basi watarudi kwa wasomaji. Bi Swali aliposikia habari hiyo hakuuliza swali hata moja, jambo lililomtia Mama Waya wasiwasi zaidi ya maneno yote ya Mwalimu Mkuu.

Dawa ya ule ugonjwa wa nukta ilikuwepo. Watengenezaji wa programu walikuwa wametoa toleo jipya lililoponywa, ila walikuwa wameacha kuandaa vifurushi tayari, vile vya kuweka tu na kutumia, kwa mashine za kizamani kama zile. Walichoacha wazi kwa kila mtu ni msimbo wake, yaani maandishi yenyewe jinsi walivyoyaandika, kabla hayajageuzwa kuwa kitu ambacho kompyuta inaweza kukiendesha. Anayetaka, aijenge mwenyewe. Ni kama kuagiza gauni ukaletewa kitambaa, uzi na vipimo.

"Basi gauni nitalishona," Mama Waya alimwambia Mwalimu Mkuu, na alisema hivyo kwa kichwa kilichovimba kidogo.

Mwongozo wa watengenezaji ulianza kwa kusihi. Kabla hujajenga chochote, ulisema, andaa mazingira safi yaliyotengwa, usijengee kwenye mashine unayofanyia kazi kila siku. Mama Waya alisoma sentensi hiyo, akasonya, akairuka. Aliona hayo ni maneno ya kuwatisha wanaoanza. Yeye ni miongoni mwa watu wale ambao wakinunua pasi huchomeka kwanza, mwongozo wanausoma siku ikiungua nguo.

Akaijengea kwenye kompyuta yake, pale stoo ya vifaa, mashine aliyokuwa nayo miaka na miaka na kuijaza kila aina ya kitu. Mistari ya maandishi ikapanda kwenye skrini, ikapanda, ikasimama. Akaandika namba, akabonyeza. "Mbili nukta tano," ikatamka spika. Mama Waya alipiga vigelegele peke yake stoo, akachomoa flashi, akaenda moja kwa moja ofisini kutangaza.

Sasa, Mwalimu Mkuu ni mtu wa hadhara. Umpe habari njema ndogo tu, ataitisha kikao. Ijumaa hiyo aliwakusanya walimu wote kwenye darasa la wasioona washuhudie maendeleo. Mama Waya akapita kompyuta moja baada ya nyingine na flashi yake, akaweka programu mpya, akarudi mbele, akamwambia Bi Swali aanze.

Bi Swali akabonyeza. Kimya.

Akabonyeza tena. Feni tu ndizo zilizonguruma.

"Imesema?" Mwalimu Mkuu aliuliza.

"Bado, Mwalimu."

"Labda inaona haya. Watu ni wengi."

Walimu wakaangua kicheko. Bi Swali hakucheka. Alikaa vile vile, hedifoni masikioni na vidole juu ya kibodi, akingoja sauti ambayo haikuja.

Watu walipotawanyika, Mama Waya aliinama kwenye mashine ya yule binti na kusoma ujumbe wa kosa. Programu ilikuwa inalilia maktaba fulani ya sauti, kikundi cha mafaili ambacho bila hicho haiwezi kufungua mdomo. Akaikumbuka. Aliiweka mwenyewe kwenye kompyuta yake zamani, ili apige nyimbo siku ya harusi ya mdogo wake. Programu ilipokuwa inajengwa iliangaza macho huku na huku, ikaikuta, ikaikumbatia bila kumwambia mtu. Ndiyo tabia yake: ikijengewa kwenye nyumba ya mtu hutumia kila inachokikuta, na hutajua mpaka umeihamisha. Kompyuta za wanafunzi hazikuwahi kuhudhuria harusi yoyote.

Hapo mtu mwenye busara angerudi kwenye ile sentensi aliyoiruka. Mama Waya akakaza shingo. Akaanza kunakili mafaili yanayokosekana kutoka kwenye mashine yake na kuyabandika kwenye ya Bi Swali, moja moja. Lile likadai jingine, jingine likadai jingine, na mwisho akabandika faili moja juu ya lile ambalo mashine ilikuwa inalitegemea. Kompyuta ikawa bubu kabisa. Hata ile sauti ya zamani iliyomeza nukta, nayo ikaenda zake.

Bi Swali alivua hedifoni akaziweka mezani polepole.

"Mama, naweza kuuliza kitu?"

"Uliza, mwanangu."

"Ukiona umeshindwa, utaniambia mapema? Sitaki kulijua Jumatano mbele ya watu. Nataka nianze kujizoeza tena kusomewa."

Mama Waya aliona aibu, aibu hasa, ile inayochoma masikio. Aliweza kuvumilia kuchekwa na walimu. Hakuweza kuvumilia kuona mtoto yule akimhurumia.

Nyumbani alimkuta mumewe, fundi rangi, uani akisafisha brashi zake. Mumewe alikuwa na utani mmoja ambao hakuuchoka, wa kuiita kompyuta mume mwenzake.

"Vipi, mume mwenzangu kakubali leo?"

Siku nyingine angejibiwa jibu la kumfanya ajute. Leo mkewe alikaa kwenye ngazi ya mlango, na waya zake shingoni, akalia. Mumewe akaacha brashi, akaja kukaa karibu, akamwacha alie mpaka alipoanza kupenga kamasi.

"Umeharibu nini?"

"Mashine ya mtoto wa watu. Tena kwa kiburi changu tu, hakuna kingine."

"Inatengenezeka?"

"Inatengenezeka. Nilipaswa kuanza mwanzo, sikutaka."

"Basi kesho kaanze mwanzo. Watoto nitakaa nao mimi, na kama nyumba ikiungua utakuta nimeipaka rangi."

Jumamosi asubuhi shule ilikuwa tupu isipokuwa mlinzi getini. Mama Waya aliingia stoo, akafungua mwongozo, akausoma kuanzia neno la kwanza bila kusonya. Kisha akafanya kama ulivyosema. Ndani ya kompyuta yake alitenga sehemu moja, akaiwekea mfumo endeshi mpya kabisa, wa toleo lile lile lililomo kwenye mashine za wanafunzi, bila kitu cha ziada. Akaandika amri ya kujifungia humo. Ukishaingia, mashine iliyobaki haionekani tena: hakuna picha, hakuna mafaili ya zamani, hakuna nyimbo za harusi. Ni chumba kitupu, na chochote kitakachotumika humo ni lazima ukibebe kwa mkono wako, ukijua jina lake.

Akaingiza msimbo, akaamuru ujengwe. Chumba kikakataa: hakina hata kijenzi, ile programu inayogeuza maandishi kuwa programu.

"Vizuri," Mama Waya alisema kwa sauti. "Sema yote."

Akakiingiza kijenzi, akaandika jina lake kwenye maelezo ya kifurushi ili siku nyingine chumba kijipange chenyewe. Akaamuru tena. Kikakataa tena, kinataka maktaba nyingine. Akaileta. Kikakataa. Jana kila kosa lilikuwa linampandisha presha. Leo aliyapokea kama mtu anayepokea wageni aliowaalika mwenyewe, kwa sababu kila kosa lilikuwa linamwambia kitu ambacho mashine yake ilikuwa imemficha. Ilipofika zamu ya sauti, hakukuwa na maktaba ya harusi ya kukimbilia, ikabidi aielekeze programu itumie ile ya kawaida iliyomo kwenye kila kompyuta ya shule. Umeme ukakatika katikati ya kazi. Akala ndizi, akangoja, ukarudi, akaanza upya bila kumtukana mtu.

Kifurushi kikakamilika. Safari hii hakupiga kelele, alikuwa amefundishika. Alitengeneza chumba cha pili, kitupu kuliko cha kwanza, kisicho na kijenzi wala chombo chochote cha kujengea, kinachofanana na mashine ya mwanafunzi kwa kila kitu. Akakiweka kifurushi humo. Akaandika namba.

"Mbili nukta tano," ikasema spika.

Bado hakupiga kelele. Alivibomoa vyumba vyote viwili, akavijenga upya kutoka chini, akaijenga programu upya, akaijaribu upya.

"Mbili nukta tano."

Hapo sasa alipiga yowe lililomtoa mlinzi getini mbio, rungu mkononi.

"Yuko wapi? Mwizi yuko wapi?"

"Hakuna mwizi! Nukta! Imesoma nukta!"

Mlinzi alichungulia stoo, akaona mwanamke na kompyuta, akatikisa kichwa. "Hongera, Mama Waya," alisema kwa uangalifu, na akarudi getini akitazama nyuma.

Jumatatu alianza na mashine ya Bi Swali. Aliifuta yote, akairudishia mfumo wake, akaweka kifurushi kipya, kisha akamvalisha binti hedifoni kwa mikono yake mwenyewe. Akasimama pembeni, amejishika kiuno. Bi Swali akasikiliza. Akaandika namba nyingine, akasikiliza. Nyingine. Uso ukaanza kumfunguka, kwanza midomo, kisha mashavu, kisha wote.

"Mama! Hata sifuri ya mbele ya nukta inaitamka!"

Mama Waya akapita kompyuta zilizobaki na flashi ile ile, kifurushi kile kile, na kila moja ikazungumza mara moja bila kubembelezwa. Mpaka mchana darasa zima lilikuwa linatungiana namba zenye nukta za kutisha na kushangilia kila zikisomwa sawasawa. Mwalimu wa hesabu alipita mlangoni akadhani wamechanganyikiwa.

Afisa wa baraza alifika Jumatano, mtu mrefu mwenye mkoba, asiye na maneno mengi. Aliketi kwenye mashine ya kwanza, akaandika mwenyewe namba alizozijua yeye, akasikiliza kwa makini na kichwa kimeinama. Akahamia ya pili. Akazungukia zote. Mwalimu Mkuu alimfuata nyuma akitabasamu mapema, na nyuma yake Mama Waya, roho mkononi.

"Zote zinasoma sawa," afisa alisema mwishowe. "Nimejaribu kuzikosesha, nimeshindwa. Sasa nataka kumwona mwanafunzi mmoja akiifanya karatasi nzima."

Bi Swali akajitolea kabla hajamaliza kusema. Afisa akamwekea karatasi ya majaribio, na msichana akaanza. Alisikiliza swali, akalirudisha nyuma, akalisikiliza tena, akalirudisha tena, akaandika jibu. Mwalimu Mkuu akamnong'oneza afisa jambo kuhusu maendeleo ya shule. Afisa akanong'ona kumjibu. Mama Waya alisogea hatua moja mbele kuangalia kama spika ya hedifoni imekaa vizuri, kisha akasogea nyingine.

Bi Swali akanyoosha mkono juu. Wote watatu wakamkimbilia.

"Kuna tatizo?" Mama Waya aliuliza.

"Lipo."

"Mashine imekosea wapi, mwanangu?"

"Mashine haijakosea kitu. Tatizo ni nyinyi. Mnanong'ona, mnanipumulia kisogoni. Samahani Mama, samahani Mwalimu, samahani na mgeni, lakini naomba mtoke mnisubiri nje. Simhitaji mtu."

Mwalimu Mkuu alikohoa. Afisa alimtazama msichana, akatazama karatasi ambayo tayari ilikuwa nusu, akachukua mkoba wake na kuelekea mlangoni kwa ncha za vidole vya miguu. Lakini aliyetangulia kutoka alikuwa Mama Waya, waya zikimrukaruka shingoni, mkono mdomoni kuzuia kicheko, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni, kwa maana tangu azaliwe hakuwahi kufukuzwa mahali akasikia furaha kama ile.