Fundi Hana na Mteremko wa Kikuyu

Ukimwona Hana kwa mara ya kwanza utadhani ni mama wa kwaya, na kweli ni mama wa kwaya, lakini akishika mwiko hana mchezo. Miaka thelathini amesakafia nyumba za watu Dodoma nzima. Kwa hiyo watu wa mtaa wa Kikuyu walipoamua kuufufua uwanja wao wa kuteleza kwa skeitibodi, vile vibao vya magurudumu, uliokuwa umepasukapasuka na kubaki malalo ya mbuzi, kazi alipewa yeye, pamoja na watu wanane wasio na ajira awafundishe ufundi humo humo.

Kunal, mkandarasi wa mjini aliyekulia mitaa hiyo, akatoa neno lake. Mteremko mkubwa ukikamilika vizuri kufikia Jumamosi ya wiki ya pili, atawaajiri wote wanane, na Hana atakuwa nyapara wao. Hana aliutaka unyapara huo, asikudanganye mtu. Alikuwa amechoka kuwafundisha kazi wanaume ambao baadaye humpa amri.

Jumatano ukatokea msiba Haneti, wa shangazi yake. Msiba hauambiwi ngoja zege likauke. Akamwachia kazi Gerson, mmoja wa wale wanane, mtu mzima mwenye watoto watatu, aliyekuwa mlinzi kabla ya kupunguzwa kazini.

Alhamisi jioni akarudi.

“Shikamoo mama,” Gerson alimpokea, uso umechangamka. “Tumemaliza. Na tumechora, watoto wasiteleze.”

Hana akatazama. Kuanzia juu mpaka chini, zege lilikuwa limechorwa mistari mizito, imenyooka, kama ya njia ya wagonjwa pale zahanati. Uwanja wa kuteleza ulikuwa umewekewa kinga ya kuteleza.

Hasira ilimpanda, kisha ikakosa pa kwenda. Mwezi uliopita, alipowapeleka kujifunzia kwenye njia hiyo hiyo ya zahanati, ni yeye aliyewakaripia kwamba mteremko usiochorwa unavunja watu viuno. Hakuwahi kuwaambia kuwa huu wa Kikuyu ni tofauti. Aliona aibu.

“Tunavunja?” aliuliza Ruthu, mdogo kuliko wote kundini.

“Hatuvunji. Mistari hiyo itashika lipu. Leteni maji.”

Wakasugua, wakaosha, wakapaka rojo la saruji, wakapiga lipu ya mchanga uliochekechwa. Juu yake wakapiga niru, ule uji wa saruji wa kulainishia, Hana akipitisha kiganja kila hatua na kuwarudisha nyuma pale kilipokwaruzwa. Kisha wakafunika kwa magunia na kuyamwagia maji asubuhi na jioni, wiki nzima, maana upepo wa Dodoma ungelikausha zege kabla ya wakati na kulipasua.

Jumamosi Kunal akaja na ubao wake wa zamani. Akapanda na kitambi chake, akashuka, magurudumu yakapita kimya mpaka upande wa pili. Watu wakapiga makofi. Akatoa karatasi yenye majina tisa.

“Nimesikia habari ya mistari,” alisema. “Nachukua saba. Aliyechorisha hapana. Kwangu kuna ghorofa, mama, siwezi kubahatisha.”

Gerson akainamisha kichwa.

“Mimi ndiye niliyemfundisha kuchora,” alisema Hana. “Alifanya nilichomwambia. Na hiyo niru uliyopita juu yake, nusu ni mkono wake.”

“Kazi zimepungua, nafasi nane tu ndizo ninazoweza kuzijaza leo. Saba hao, na wewe.”

“Basi nikate mimi.”

“Unyapara unauacha?”

“Nikate mimi, mbakize Gerson.”

Kunal akatoa kalamu. Kisha akakata jina la juu kabisa, la Hana.

Jumatatu wanane wakaenda kazini. Hana alibaki Kikuyu na moyo unauma, kwa kweli uliuma, akasimama mbele ya ukuta wa upande wa mashariki wenye nyufa na kuwaambia wasio na ajira wapya waliokuja, “Kabla hamjagusa mwiko, niulizeni kazi hii ni ya nini.”