Jembe Nililotaka Kulirudisha

Nakumbuka siku moja ya Julai, mwanangu, baridi ya Mbozi imeshika kweli kweli, nami nimebeba jembe begani, macho yamejaa machozi. Sikuwa nakwenda kulima. Nilikuwa nakwenda kuvunja uchumba wangu mwenyewe. Kwetu wakati ule mposaji alitanguliza jembe nyumbani kwa binti. Likipokewa, mmechumbiana. Likirudishwa, basi, kila mtu ashike njia yake.

Aliyelileta ni Edson, kijana wa kijiji cha pili, mikono mikubwa, maneno machache. Nilimpenda, sikufichi. Siku ya kulileta alisimama uani mbele ya baba akasema, "Kahawa ikizaa vizuri mwaka huu, baada ya mavuno naoa." Vigelegele vikapigwa. Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi wameanza kuingia Mbozi, kila nyumba inaota bati jipya.

Kahawa haikuzaa. Chulebuni, ule ugonjwa unaoozesha buni zingali mbichi, ulipita shambani kwa kina Edson ukaacha weusi mtupu. Edson akaondoka kwenda Tunduma kupakia mahindi kwenye malori ya mpakani, kimya. Baba akatangaza wakati wa kula: "Kahawa imekufa, na ndoa imekufa." Wasichana wenzangu kisimani wakaanza kuniita mjane wa kahawa. Wee! Nami nilikuwa na hasira za karibu. Nikasema kabla hajaniacha, mimi namwacha. Nikabeba jembe.

Shangazi, dada yake baba, akanikuta njiani. Mama yule alikuwa na ulimi wa pilipili.

"Enesi! Wapi na jembe la watu?"

Nikamweleza yote, huku nalia.

"Alisema kahawa ikizaa ataoa," akasema. "Isipozaa, alisema nini?"

"Si ndiyo hivyo, shangazi. Haoi."

"Nakuuliza alichosema yeye, sikuulizi ulichojijazia wewe!"

Nikalishusha jembe chini. Kweli, hakusema kitu.

"Mimi nikikwambia mvua ikinyesha nitashinda ndani, jua likiwaka ndiyo nimeapa kushinda nje? Huenda nina mafua, nitashinda ndani vilevile. Mwenzio amekupa upande mmoja, wa pili umejitungia mwenyewe, halafu unamhukumu kwa huo. Kuuliza si ujinga. Kesho tunakwenda."

Kesho yake tukapanda basi hadi Tunduma. Tulimkuta kwenye lori, gunia mgongoni, nywele zimejaa unga wa mahindi. Alipotuona, macho yake yalikwenda kwanza kwenye mikono yangu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Kahawa ikizaa unaoa, tulisikia. Haya, haikuzaa. Sema."

Edson akatua gunia. "Naoa, shangazi. Nimekuja huku kwa ajili hiyo. Ila pilau msitegemee, mtakula ugali."

"Mbona hukusema?" nikafoka.

"Mbona hukuniuliza? Nilidhani kahawa ikifa, kwenu nami nimekufa. Kila nikiona mtu wa Mbozi anashuka hapa, natazama kama amebeba jembe."

Nikalia pale pale katikati ya malori, bila aibu, na wapakiaji wakacheka wakatuletea chai.

Sasa sikiliza, mwanangu. Mtu akikwambia "ikiwa hivi, nitafanya vile," hajasema kwamba hivi itakuwa. Wala hajasema hivi isipotokea atafanya nini. Huenda atakuacha, huenda hatakuacha. Hujui, usijifanye unajua. Hata wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ni kweli. Lakini nimeona watu humu humu Mbozi wameziba ufa, na tetemeko likauangusha ukuta, wakaujenga upya. Methali haikuwadanganya. Ilisema juu ya asiyeziba tu.

Kwa hiyo kijana wako akisema "nikipata ajira tutaoana," usishone gauni kana kwamba ajira ipo, wala usifungashe virago akiikosa. Mkalishe, mtazame usoni, umuulize: na usipopata? Atakalojibu, zuri au baya, hilo ndilo lake, lishike. Nawe ukiahidi kwa "kama," jitahidi kusema pande zote mbili. Ukimwachia mwenzio upande wa pili ajaze mwenyewe, ataujaza kwa hofu yake, na hofu haijawahi kumjazia mtu jambo jema. Mimi ilibaki mwendo mfupi tu nimpoteze mume kwa neno ambalo hakulitamka.

Harusini tulikula ugali na maharage, na shangazi ndiye aliyecheza kuliko wote. Jembe lile bado ninalo, limelika hadi limekuwa kama kijiko, na Edson hataki kabisa nilitupe.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe ulimi wa kuuliza na mtu wa kukujibu, na nyumba yako isimame, mwaka wa kahawa na mwaka wa chulebuni.