Wiki ya Tha, The, Thi

Dada yangu anayekaa Madaba alinipigia simu kuuliza kama ni kweli. Nikamwambia ni kweli, nanyoosha meno. Akacheka mpaka akakohoa. "Samaki mkunje angali mbichi," alisema, "na wewe mdogo wangu umeshakuwa kauzu mkavu. Au kuna mtu anakuchumbia na sisi hatujaambiwa?"

Nina miaka arobaini na moja, nina mume, na watoto wawili walionipita urefu. Hakuna anayenichumbia. Lakini tangu nikiwa darasa la nne, jino langu moja la mbele lilipoamua kulikalia lenzake, sijawahi kucheka bila kuweka kiganja mdomoni. Katika picha ya harusi yangu nimebana midomo kama niliyelishwa ndimu, na mashangazi walidhani nalia kuagwa. Halafu nikaenda kuchagua kazi ya kufundisha darasa la kwanza, hapa Mfaranyaki, Songea, kazi ambayo siku nzima ni kufungua mdomo. Mtoto mdogo anasoma mdomo wa mwalimu kabla hajasoma ubao. Mwaka wa kumi na sita huu nawaonyesha watoto wa watu jinsi ya kutamka a na e huku naona aibu.

Daktari wa kunyoosha meno huja mjini mara moja kwa mwezi. Ni kijana mpole, ana mikono midogo. Alinipima, akanipiga picha za taya, akaagiza. Vilipofika nikaona ni vifuniko vya plastiki nyembamba, vyeupe kama maji, vimetengenezwa kwa umbo la meno yangu mwenyewe pamoja na kupinda kwake kote. Yeye anaviita alaina. Nyumbani kwangu tunaviita plastiki. Jozi moja unaivaa wiki mbili, inayasukuma meno kidogo, unaingia jozi inayofuata, hivyo hivyo mwaka na zaidi. Unavitoa wakati wa kula na wa kupiga mswaki, basi. Nilimuuliza kuhusu yule samaki wa dada. Akasema mfupa wa taya haujui methali, ukisukumwa taratibu unasogea hata kwa bibi wa miaka sitini. Nilimpenda kwa jibu hilo.

Kulikuwa na jambo lingine alilolisema wakati nimeshasimama kuondoka, nami sikulitilia maanani. Alisema ulimi utahitaji siku kadhaa kuzoea.

Nilivaa Jumamosi mchana. Nikamwambia mume wangu, "Sasa nisaidie sahani," na kilichotoka kikawa, "Thatha nithaidie thahani." Aliniletea sahani, akatoka uani, na huko nikamsikia anacheka peke yake. Songea ikageuka Thongea. Zawadi ikawa dhawadi. Kiswahili kina neno la hali hiyo, kithembe, na aliyelitunga alikuwa mkorofi kweli, maana huku kwetu karibu kila mtu hulitamka "kisembe", na anayelitamka sawasawa bila kujitahidi ni mwenye nacho tu.

Jumatatu, kwa mpango wa masomo niliouandika kwa mkono wangu mwenyewe, ilianza wiki ya herufi s.

Ningeweza kuzitoa kwa kipindi kimoja. Sikuzitoa. Daktari alisema kula na mswaki, na mimi nikiambiwa sheria naishika hata inaponiumiza. Isitoshe nilidhani watoto wataangalia ubao. Nikaandika sa, se, si, so, su, nikaishika fimbo ya kuonyeshea, nikatamka.

"Tha," lilijibu darasa zima. "The. Thi. Tho. Thu."

Hakuna aliyecheka. Ukimwona mtoto wa darasa la kwanza anamcheka mwalimu, ujue ni mwezi wa kumi. Mwanzo wa mwaka bado anaamini mwalimu hakosei. Walitoa ndimi zao nje kwa bidii, wale wa mbele wakatutemea mate mimi na ubao. Mnisamehe kwa kusema hivi, lakini kuna sehemu ya moyo wangu ilifurahi. Miaka yote hii napigana na watoto wa mji huu kuhusu th. Nyumbani kwao wanaongea Kingoni, Kimatengo, Kiyao, Kinyasa, na wakija shuleni thamani wanaita samani, themanini wanaita semanini, kama wanavyoita wazazi wao, na kama ninavyoita mimi mwenyewe nikikasirika. Leo walikuwa wanaitamka th kama waliozaliwa nayo. Tatizo ni kwamba haikuwa mahali pake.

Kwenye dawati la tatu upande wa dirisha alikaa msichana aliyeletwa kutoka Nalasi kulelewa na bibi yake, ambaye anauza korosho sokoni. Huyu kithembe chake hakikutoka kwa daktari. Siku ya kujitambulisha alisimama akasema, "Ninathoma daratha la kwandha," wenzake wakaanguka kwa kicheko, na mpaka saa nne wakawa wamempa jina la Tha. Tangu siku hiyo hakufungua mdomo tena darasani. Imla anaandika bila kosa. Nikiandika ubaoni "chora sungura" bila kusema neno, yeye anakuwa ameshamaliza masikio wakati wengine bado wanaunganisha silabi. Anasoma, tena vizuri, ila anasomea tumboni.

Hilo lilininyima raha, kwa sababu mwisho wa muhula afisa huja kutoka ofisi ya elimu, anaita mtoto mmoja mmoja, anampa karatasi asome kwa sauti. Asiyesoma kwa sauti anaandikwa hajui kusoma, na asiyejua kusoma anarudia darasa. Nilikuwa nimembembeleza, nimekaa naye pembeni, nimemwambia asome kwa kunong'ona. Aliinamisha kichwa tu. Nilikuwa najua kabisa kwamba nitamwona anarudishwa nyuma na kila kitu anakijua.

Jumatano ya wiki ile nikauliza nani atasoma sentensi ubaoni. Mkono wake ukanyooka. Nilitazama nyuma yangu, nikidhani labda anaonyesha kitu. Akasimama.

"Thithi tunathoma Thongea," alisoma.

"Vizuri," nikasema, na wenzake wakampigia makofi yale ya kilo moja, kama wanavyompigia yeyote. Hawakuona cha kuchekesha. Alikuwa amesoma kama mwalimu anavyosoma. Akaomba ya pili, akasoma ya tatu, na kengele ilipolia alikuwa bado amesimama. Niliingia choo cha walimu nikajifungia nikalia, halafu nikacheka, na nilipotoka mwalimu mwenzangu aliniuliza kama plastiki zinauma sana.

Ijumaa bibi yake akaja shuleni, mtandio umekaa sawa, ana korosho kwenye mfuko wa kaki.

"Shikamoo bibi," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kushukuru. Mjukuu wangu anasoma nyumbani mpaka namwambia pumzika. Na watoto wa jirani nawasikia nao, tha, the, thi, utadhani wametoka chuoni kwa sheikh. Umewatengeneza ndimi. Mwenyezi Mungu akuzidishie."

Nilizipokea zile korosho. Mtu muungwana angeeleza. Mimi nilisema amina, nikatoa plastiki nikiwa nimempa mgongo, tukala naye.

Lakini la kuvunda halina ubani. Jumatatu iliyofuata alikuja baba mmoja, fundi seremala, mtu wa maneno machache. Alisema mwanawe anaomba thukari kwenye chai, na amemchapa akidhani anadhihaki, kumbe anasema ndivyo mwalimu alivyofundisha. "Mwalimu, mimi sijasoma sana," alisema, "lakini sukari naijua." Mwalimu mkuu alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza yote. Hakunikaripia. Aliniambia tu nisahihishe, na nikaona aibu kuliko kama ningekaripiwa, kwa sababu kuna mtoto alikuwa amechapwa kwa ajili ya meno yangu.

Nikasahihisha. Kwenye vipindi vya kusoma nikawa naweka plastiki kwenye kiboksi chake, na hata hivyo ulimi wenyewe ulikuwa umeshaanza kuzoea kama daktari alivyosema. Sa, se, si. Watoto ni wepesi. Siku mbili tu, s zote zilikuwa zimerudi nyumbani kwao. Yule wa seremala alisema sukari mara ishirini siku moja kunionyesha.

Akabaki mmoja. Alhamisi aliposimama kusoma, "Thimba na," akasikika mmoja nyuma anakohoa kwa kicheko, kisha wawili, kisha safu. Niligonga meza wakanyamaza. Lakini alikuwa ameshakaa, na kitabu amekifunga. Ijumaa hakunyoosha mkono. Wala wiki iliyofuata, wala ile nyingine, na afisa alikuwa anakuja baada ya siku kumi. Nilijichukia. Nilikuwa nimemfungulia mlango kwa bahati mbaya, kisha nikamfungia kwa makusudi.

Nikambakiza darasani mapumziko. Nilikuwa na maneno yangu niliyoyapanga, ya kumtia moyo. Hakunipa nafasi.

"Mwalimu, umepona?" akaniuliza. Aliuliza kwa upole, kama mtu anayemjulia hali mgonjwa mwenzake.

Hapo ndipo nilipopaswa kuwa mtu mwenye akili. Nilitaka tu ajue kwamba sikuwa namdhihaki na sikumsaliti. Kwa hiyo nikatoa plastiki ya juu, nikaifuta kwa leso, nikamwonyesha kiganjani. Nikamwambia kilichokuwa kinanifanya niseme vile ni hiki, nikikitoa nasema vizuri. Neno hilo, vizuri, lilinitoka mdomoni nami nikalisikia.

Aliitazama sana ile plastiki. Akasogea karibu yangu mpaka magoti yetu yakagusana, akainua uso, akafungua mdomo wote, akafumba macho.

"Na mimi nitoe," alisema.

Nilitazama ndani kwa sababu nisingeweza kumwacha vile. Vijino vya utoto vimejipanga, kimoja kimeng'oka, ulimi mdogo umetulia unangoja. Nikamwambia, "Hamna kitu humu, mwanangu. Ni mdomo wako tu, ni mzima." Hakuufunga mara moja. Aliuacha wazi kidogo, kana kwamba sijatazama vizuri.

"Kweli?" akauliza.

"Kweli. Mimi ndiye niliyekosea kusema."

Nikamwomba msamaha, jambo ambalo walimu wa huku hatulifanyi kwa wanafunzi, na yeye akaona haya kwa niaba yangu. Siku zilizobaki nilikaa naye kila mapumziko. Sikumfundisha kutamka. Nilimsikiliza tu anasoma, na aliposema thimba nilisema endelea. Darasani nako nilisema lililonipasa kuhusu kucheka, nikalisema nikiwa nimefungua mdomo nionekane meno yote. Sikujua kama inatosha. Usiku wa kuamkia siku ya afisa sikulala vizuri.

Afisa alikuwa mzee wa haki, mwenye miwani, anayechoka upesi. Aliweka meza mbele ya darasa, na sisi walimu tukaambiwa tusimame mlangoni tusiseme neno. Ilipofika zamu yake msichana alikwenda, akaipokea karatasi kwa mikono miwili. Nikaona kichwa cha habari kutoka pale niliposimama, Sungura na Fisi, nikajua aliyeitunga hadithi ile hakutufikiria.

"Thungura na Fithi," alisoma.

Mzee akainua uso. "Binti, toa hicho ulichoweka mdomoni. Huwezi kusoma na pipi."

Kuna watoto wawili walicheka. Nilikuwa nimeshapiga hatua moja kuingia ndani, sheria au si sheria. Msichana hakunitazama. Aliweka karatasi mezani taratibu, akamsogelea yule mzee, akainua uso na kufungua mdomo wote, macho yake yamemkazia, akasubiri atazame. Mzee akavua miwani, akaivaa tena, akainama. Alitazama kwa muda mrefu, kama mtu aliyeagizwa.

"Hamna kitu," alisema mwishowe.

"Thina kitu," msichana akakubaliana naye. Akachukua karatasi yake, akaanza tena kuanzia kwenye kichwa cha habari.