Ubeti wa Tatu

Nakuru nzima inajua kwamba wimbo ule ulitungwa kwa ajili yangu. Watu wa rika langu waliucheza kwenye harusi zao, na watoto wao wakaucheza kwenye zao. Nikitaja jina langu kwa karani wa ofisi au kwa muuza sukuma wiki, lazima mtu aache kazi aniimbie kiitikio, maana jina hilo limo humo. Utotoni nilifurahi. Siku hizi natabasamu kwa sababu nimezoea kutabasamu.

Hadithi ya wimbo wenyewe husimuliwa redioni mara kwa mara, Jumapili mchana, katika kipindi cha nyimbo za zamani. Mtangazaji husema baba alikuwa akipiga gitaa katika klabu moja ya Naivasha, akaletewa habari kwamba mkewe amejifungua binti kule Kabazi. Mvua ilikuwa imekata barabara. Basi akashika gitaa palepale, akamwimbia mtoto ambaye hajamwona, akimsihi amsubiri mpaka mvua ipite. Ni hadithi tamu. Baba aliisimulia mara nyingi mno, na nadhani mwishowe aliiamini.

Wimbo ule ulitungwa na mama, na hakuutunga kwa ajili yangu.

Kabla yangu alizaliwa msichana mwingine. Alipewa jina la nyanya mzaa baba, kama ilivyo desturi yetu. Alipofika miezi saba akashikwa na homa, katikati ya mvua ya masika, barabara ikiwa matope matupu. Mama alimfunga mgongoni akatoka kwa miguu kutafuta hospitali, na njia nzima alikuwa akimwambia asubiri, asiende, mvua inapita. Hakusubiri. Baba alikuwa Naivasha jukwaani, na habari zilimfikia mazishi yakiwa yamekwisha. Mwaka uliofuata nikazaliwa mimi, na kwa kuwa jina la nyanya haliachwi lipotee, nikapewa lilelile. Kwetu hilo ni jambo la kawaida, na hakuna anayeona haja ya kukueleza.

Mama aliuimba wimbo wake polepole akichuma pareto, wanawake wenzake wakimwitikia kutoka mistari mingine ya shamba. Ulikuwa na beti tatu. Baba aliposikia aliuchukua kama mtu anavyochukua jembe alilolikuta uani kwake, bila kuuliza. Akauongezea kasi ili watu wacheze, na ubeti wa tatu akautupa kwa sababu hauchezeki. Ubeti huo ulihusu shali ambayo mama alimfunikia mtoto. Tangu wimbo ulipovuma, mama hakuimba tena. Hata kanisani alishika kitabu cha nyimbo mbele yake, akafumba mdomo.

Haya yote niliyajua nikiwa mtu mzima, mwalimu mwenye watoto wangu, wiki ile tuliyokuwa tukijiandaa kumzika baba. Tulikuwa nyuma ya jikoni mchana, mimi na mama, tukichambua maharagwe ya wageni.

"Ni wewe utasoma historia ya mzee?" akaniuliza.

"Ni mimi, mum."

"Basi usiseme watoto ni wanne. Sema ni watano. Na useme wimbo ni wa nani. Mara moja tu, watu wasikie, halafu tumzike."

Akaniimbia ubeti wa tatu hapo hapo, vidole vikiendelea kutafuta mawe kwenye maharagwe. Nililia mpaka nikashindwa kuona sinia. Nilikuwa na kalamu mfukoni na sikuandika hata neno moja. Nilidhani wakati upo.

Jioni nilibadilisha karatasi yangu, nikampa baba mdogo, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya mazishi. Aliisoma mara mbili.

"Mwalimu, unataka kusema mzee alichukua wimbo ya bibi yake? Kwa mazishi yake? Na watu wa redio wanakuja?"

"Ni ukweli, anko."

"Ukweli iko na siku yake. Lakini mimi sikufungi mdomo. Maiki utashika wewe."

Ningependa sana kumlaumu baba mdogo. Ingenipa usingizi.

Siku ya mazishi mahema yalijaa, watu wakasimama hadi kwenye mahindi. Mtangazaji alikuwa amekaa mbele, simu yake juu, akinirekodi. Nilisoma alikozaliwa baba, nikasoma shule, nikasoma bendi. Nilipofika kwenye watoto nikaona nyuso zile zote zikinisubiri mimi, binti wa wimbo, na nikaogopa. Nikitamka tu neno moja, kesho nitakuwa mwalimu wa kawaida aliyerithi jina la dada aliyekufa.

"Alijaliwa watoto wanne," nikasema. "Kifungua mimba ni mimi, ambaye wengi wenu mnanijua kupitia wimbo."

Wakapiga makofi. Naona haya kuandika kwamba makofi yale yalinipendeza.

"Watano," mama akasema kutoka kiti cha mbele. Hakupiga kelele. Alisema kama mtu anayesahihisha hesabu.

Wanawake wa kanisa wakamshika mabega, mmoja akampa maji. "Pole, mathe. Ni uchungu, itaisha." Nami nikafungua ukurasa uliofuata. Baadaye DJ akauweka wimbo, na watu wakacheza kuelekea kaburini.

Mama hakunigombeza, wala hakulitaja tena jambo hilo. Afadhali angenitukana.

Sasa anaishi nami hapa Nakuru, na mwaka wa pili huu kumbukumbu zinamtoka kidogo kidogo. Jumapili iliyopita tulikuwa tukinywa chai, redio ikiwa wazi. Mtangazaji akaisimulia hadithi yote, Naivasha, mvua na gitaa, kisha wimbo ukaanza. Mama akaweka kikombe chini.

"Baba yako alikuwa na moyo," akasema. "Ona vile alikuimbia."

"Mum, huu wimbo ni wako. Ni wewe uliutunga."

Akacheka kwa furaha ya kweli. "Mimi? Mimi nilikuwa wa kuchuma pareto tu."

"Kulikuwa na ubeti wa tatu. Wa shali. Uniimbie tena, niandike." Safari hii kalamu ilikuwa mkononi.

"Shali gani?"

Nikapiga magoti mbele ya kiti chake. Nikamwambia alizaa watoto watano. Akanitazama kwa upole, akainua mkono, akatuhesabu kwa vidole, kila mmoja kwa jina lake. Kidole gumba kikabaki.

"Wanne," akasema, akinipapasa kichwa ili nisilie. "Na wewe ndiye wa kwanza."