Marlys na Chumba cha Jibini cha Akina Brandl

Ukifika Harmel, Wisconsin, ukauliza Marlys Hruska anafanya kazi gani, utapewa majibu matatu, na yote yana ukweli wake. Wazee watakuambia ni yule fundi wa simu, kwa kuwa miaka ishirini na sita alipanda nguzo za kampuni, jua kwa theluji. Padri atakuambia ndiye anayekaanga samaki wa Ijumaa bila kuwaunguza. Na wenye biashara watakuambia, kwa sauti ya chini kidogo kama mtu anayemtaja daktari wake, kwamba ndiye aliyewafungia mlango.

Mlango wenyewe hauonekani. Ni VPN, ile njia ya siri inayompitisha mtu katikati ya mtandao wa watu wote mpaka ndani ya ofisi yake, bila wapita njia kuona kabeba nini. Wengi huikodi kwa kampuni ya mbali, wakalipa kila mwezi kwa kila kichwa. Marlys yeye huisimika papo hapo: kimashine kidogo mfano wa boksi la biskuti, juu ya rafu ya mwenye biashara, na ndani yake programu ambayo yeyote anaruhusiwa kuifungua akasoma ilivyoandikwa. Hakufundishwa na mtu. Kampuni ya simu ilipomstaafisha alikaa jikoni kwake miezi minane akisoma, akiharibu, akisoma tena.

Wateja hakuwatafuta. Wa kwanza alikuwa wakili wa barabara kuu, ambaye hakupenda siri za watu wanaoachana zipite mikononi mwa mtu asiyemjua hata sura. Akafuata daktari wa meno na picha zake za mataya, maana picha ikivuja sheria inamshika yeye, haiendi kumtafuta aliyemkodishia. Halafu karakana ya vipuri vya matrekta. Pale pana mashine ya kukata chuma yenye kompyuta nzee kiasi kwamba ukiiacha wazi mtandaoni dakika kumi itaokota kila ugonjwa, na huku fundi wake anaishi maili arobaini kutoka pale na anataka kuichungulia akiwa kwake. Kilichowaleta wote ni kimoja: walikuwa na kitu ndani ambacho hawakutaka kukilaza nyumba ya jirani.

Mwenye duka la mapazia naye alikuja. Marlys alimrudisha.

"Wewe una kompyuta moja na paka," alimwambia. "Nenda kakodi kama watu wengine, ulale usingizi."

Habari hiyo ilizunguka mji kuliko tangazo lolote ambalo angelipia. Fundi anayekataa kazi huaminiwa upesi.

Sharti lake lilikuwa moja tu. Akimaliza kazi, ule ufunguo wake wa kuingilia anaufuta mbele ya macho ya mteja. "Nikibaki nao," huwaambia, "mtakuwa mmehama kwa mwenye nyumba wa mbali mkahamia kwa mwenye nyumba wa karibu."

Basi Jumatano moja ya Novemba, siku tatu kabla ya msimu wa kuwinda kulungu kufunguliwa, aliitwa na Lyle Brandl wa kiwanda cha jibini. Lyle ni mtu wa miaka hamsini na mitano, mikono mikubwa, maneno machache. Siku hiyo maneno yalikuwa mengi.

"Dada Marlys, nimefanya ujinga."

"Mwaka jana au mwaka huu?"

"Mwaka jana. Nimeujua mwaka huu."

Mwaka jana, ili aweze kuchungulia joto la chumba cha kukomazia jibini akiwa kambini kwenye kuwinda, Lyle alitoboa ruta yake, kile kisanduku kinacholeta mtandao, akaacha tundu wazi upande wa nje. Hakuna mtu wa nchi ile atakayemshangaa. Msimu ukifunguliwa hata kinyozi hufunga. Lakini mwezi uliopita mkono wa mtu asiyejulikana uliingia kwa tundu lile ukapandisha joto mpaka sitini, kwa kipimo cha huko cha Fahrenheit. Aliliona asubuhi, bahati yake. Mle ndani mna jibini la miaka saba. Likishikwa na joto siku mbili tatu linatoa jasho la mafuta, na miaka saba imekwenda.

"Funga tundu, kaa hapa uangalie kwa macho," Marlys akasema. Alikuwa anampima.

Lyle akatazama sakafu. "Baba ana miaka themanini na sita. Daktari amemwambia mwaka huu aende, mwaka ujao hajui. Nisipokwenda naye safari hii..."

Hakumalizia, wala Marlys hakumngoja amalizie. Alikuwa ameshafungua mkoba wake.

Ilimchukua saa mbili. Alipoziba lile tundu na kimashine kikaanza kuwaka taa yake ndogo ya kijani, akauliza, "Mchana simu yako itakuwa wapi?"

"Kwenye ndoo."

Kambi zote za huko zina ndoo ya namna hiyo, ya bati, mlangoni. Anayekwenda kuwinda anaacha simu humo. Kwa akina Brandl sheria hiyo ilitungwa mwaka ambao simu ya shemeji yao Dwayne ililia, na kulungu mwenye pembe za ncha kumi akajiondokea kwa adabu zake zote.

"Na kengele ya hatari ikilia?"

Lyle akakuna shingo. "Italia ndani ya ndoo."

"Ndivyo nilivyofikiri."

"Tutundike tableti ukutani kambini. Iwe wazi muda wote, kila anayepita atupie jicho."

"Na Dwayne akishakunywa zake, akaanza kuchezea joto?"

"Dwayne hawezi kufanya hivyo."

Marlys alimtazama tu.

"Anaweza," Lyle akasema.

"Ufunguo mmoja, mtu mmoja. Nikitundika ufunguo ukutani, nimekutobolea tundu jingine. Nani anabaki kambini mchana?"

"Baba. Magoti hayapandi dungu la kuwindia tena. Anapika maharage."

"Basi ufunguo wa pili ni wa baba yako."

Lyle aliinuka akafunga mlango wa ofisi. "Dada, wewe humjui baba."

"Nimemfungia simu ya kwanza ya ukutani mimi."

"Humjui akiwa karibu na kidude cha joto. Mimi naweka arobaini na mbili. Yeye maisha yake yote aliweka arobaini na nane. Nilipochukua kiwanda alikuwa anakuja alfajiri kunywa kahawa, akiondoka chumba kiko arobaini na nane. Mwaka mzima. Nikabadilisha kufuli, Dada Marlys. Nilimbadilishia kufuli baba yangu. Hatujawahi kulizungumza."

Marlys akageukia kimashine. "Naweza kumpa macho bila mikono," akasema. "Ataona nambari. Hataigusa."

Mzee Alois aliitwa. Aliingia na kofia yake ya kuwindia ya rangi ya machungwa, tayari kwa Jumamosi, akaweka simu yake mezani. Marlys alipomaliza kumwekea ufunguo alimweleza kinachofanya kazi na kisichofanya.

"Yaani nimepewa dirisha," mzee akasema. "Mlango sikupewa."

"Dwayne hana hata tundu la panya, Mzee."

"Dwayne," mzee akasema, na hapo akacheka. Lyle hakucheka. Alikuwa anasoma karatasi iliyokuwa haina maandishi mengi. Marlys akafuta ufunguo wake mbele yao, akaenda zake.

Jumapili saa sita mchana, simu ya jikoni kwa Marlys ililia.

"Binti, ni Alois. Chumba kiko arobaini na saba, na kinapanda."

"Lyle yuko wapi?"

"Juu ya dungu, ng'ambo ya kinamasi. Nikipiga honi ya gari nitafukuza kulungu wa wilaya nzima, na nisipopiga hatashuka mpaka giza. Hebu ingia huko kwa mashine yako uwashe baridi."

"Siwezi, Mzee. Sina ufunguo. Niliufuta, mliniona."

Nyuma ya mzee sufuria ilisikika ikichemka.

"Basi una faida gani?"

"Nina gari."

Toka kwake mpaka kiwandani ni maili nne. Duka la mbele lilikuwa wazi, na Bernadine, anayeuza chembe za jibini mbichi Jumapili, alimpitisha nyuma bila maswali. Marlys alisimama mbele ya mlango wa chumba, simu begani.

"Unasikia nini?" Alois akauliza.

"Sisikii kitu."

"Hapo ndipo tatizo. Swichi kubwa ya kushoto imeanguka?"

Ilikuwa imeanguka. Akairudisha, kipoza hewa kikaunguruma sekunde tatu, swichi ikaanguka tena. Akairudisha mara ya pili, ikaanguka vilevile.

"Usirudie ya tatu. Utakiunguza. Sasa nisikilize, na nitakachokuambia usimwambie Lyle kwa namna itakayomuudhi. Nyuma ya mapipa ya chumvi, chini ya turubai, kuna kipoza hewa cha zamani. Yeye anadhani nilikiuza."

"Mzee."

"Nilikusudia kukiuza. Bernadine ananifungulia kila mwezi nakitia mafuta. Waya zake ziko palepale."

Marlys alisukuma mapipa. Amewahi kuinua mizigo mizito kuliko ile akiwa juu ya nguzo. Turubai lilipotoka, palikuwa na dude la kijani, safi kama chombo cha kanisani, na gurudumu la joto upande wa kulia lenye nambari zilizoandikwa kwa mkono. Akaliwasha. Likakohoa, likatulia, likaanza kuunguruma.

"Sasa gurudumu," akasema. "Niliweke ngapi?"

Mzee hakujibu. Marlys alitazama mkono wake mwenyewe juu ya gurudumu. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na kitu, mzee huyu alikuwa na mkono juu ya joto la chumba kile, na hakuna kufuli lililomzuia. Nambari arobaini na nane ilikuwa imechakaa kwa kuguswa.

"Mzee, upo?"

"Nipo. Arobaini na mbili."

"Una hakika?"

"Chumba ni chake, binti. Weka."

Akaweka. Walikaa hivyo nusu saa, yeye kwenye ndoo iliyopinduliwa, mzee kambini na dirisha lake mkononi, wakisomeana nambari. Arobaini na tisa. Arobaini na tisa. Arobaini na nane, na hapo mzee akasema tu kwamba maharage yanataka chumvi. Arobaini na saba.

Lyle alimpigia wakati wa chakula cha jioni. Nyuma yake sahani ziligongana na Dwayne alikuwa anajitetea juu ya jambo fulani.

"Baba amenieleza. Na cha turubai amenieleza." Akamnyamazisha Dwayne. "Uliliweka ngapi lile gurudumu?"

"Arobaini na mbili."

"Kwa kuwa nilikuambia mimi?"

"Wewe leo hukuniambia kitu. Alisema yeye."

Upande wa pili Lyle aliweka kijiko chini.

"Nataka ufunguo wa baba uwe na mikono," akasema. "Leo. Unaweza?"

"Siwezi, na sipaswi. Mashine ni yako, iko kwenye rafu yako. Fungua simu, nitakuelekeza, lakini utampa wewe."

Akamwelekeza. Bonyeza hapa, shuka chini, tafuta jina lake. Lyle alikuwa mzito wa vidole, akakosea mara mbili, na mzee pembeni akawa anamuuliza kama shule aliyompeleka ilikuwa ya kukaanga mayai.

"Tayari," Lyle akasema mwishowe. "Baba, jaribu."

Palipita kitambo.

"Nambari niliyoiweka imekwenda arobaini na tatu," Lyle akasema polepole.

"Nimegusa kuona kama inasikia," sauti ya mzee ikatokea mbali. "Ngoja. Nairudisha."

Marlys alisikia kiti kikivutwa. Lyle alikuwa amekaa karibu na baba yake, wanatazama kioo kimoja.